Uzio nao ni msukosuko, jamani

Juzi tena nimetumiwa picha ya nyika iliyoungua, nyeusi tii, na chini yake swali lile lile: si mngeweka tu uzio mkaiacha asili ijipange yenyewe? Sijui ni mara ya ngapi, nimechoka kuhesabu. Msukosuko, kwetu sisi wanaikolojia, ni tukio lolote linalovuruga mpangilio wa viumbe mahali, kama moto, na uzio nao umo. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Moto nitaupitia haraka. Nyasi za savana zinachipua kutoka usawa wa udongo, kwa hiyo miali inakula majani makavu juu na mvua ikinyesha tu kijani hicho. Anayeumia ni mche wa mti ambao haujapita kimo cha miali, unaungua hadi chini, unaanza upya. Pale penye mvua ya kutosha, ukizima moto miaka mingi miti inafunga, nyasi zinakosa jua, na viumbe wa nyasi wanapotea nazo. Basi.

Kinachoniudhi ni hilo neno "kuiacha". Kule Laikipia, Kenya, kuna mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kama vijipira vyeusi, ndani tupu, sisimizi wanaishi humo na mti unawalipa kwa nekta (majimaji matamu), wewe gusa tawi tu uone watakavyokumiminikia mkononi, na tembo analijua hilo vizuri. Mwaka 1995 watafiti wakaweka uzio wa umeme kwenye viwanja kadhaa kuwazuia wanyama wakubwa. Hakuna wa kuila, ungesema miti itanenepa, sivyo? Kumbe mti usipoliwa unapunguza nekta na hivyo vijumba, ya nini kumlipa mlinzi asiye na kazi, basi wale sisimizi wakali wanapungua, inaingia aina nyingine ambayo hailali kwenye miiba, inalala kwenye matundu ya mbawakawa wanaotoboa shina, na kwa kuwa inayahitaji hayo matundu haiwabughudhi kabisa. Utafiti ulitoka 2008: miti yenye hao wapangaji wapya inakua polepole na inakufa mara mbili zaidi ya ile yenye walinzi wa zamani. Na hapo hakuna aliyegusa mti hata mmoja, walioondolewa ni wa kuula tu, na huo nao ni msukosuko.

Serengeti nayo, ng'ombe wa maeneo jirani walichanjwa sotoka (ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na wanyamapori), nyumbu waliokuwa wanakufa nayo wakaongezeka, kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, wakala nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, miti ikarudi. Chanjo ya ng'ombe imeotesha miti! Sasa niambie hapo "asili yenyewe" ni ipi, ya kabla ya sotoka, ya wakati wake, au ya baada?

Halafu kuna wale waliosoma nusu ukurasa, wanakuja na "msukosuko wa wastani": ukiwa mdogo mbabe mmoja anatawala, ukizidi wanabaki wavumilivu tu, katikati spishi zinakuwa nyingi. Mwanaikolojia Connell aliliweka vizuri wazo hilo mwaka 1978 na mimi nimelifundisha miaka, nikichora ubaoni ile grafu yenye nundu katikati kwa kujiamini kabisa. Ila watafiti Mackey na Currie walipopitia tafiti mwaka 2001, nundu ilionekana kwenye chini ya asilimia 20. Na wastani wa nani? Moto wa kila miaka mitatu kwa panzi ni vizazi kadhaa, kwa mbuyu ni kama kupepesa jicho. Kwenye viwanja vyangu mwenyewe vya utafiti mwaka wa mvua nyingi unavuruga kila kitu, nyasi zinakuwa nyingi, moto unakuwa mkali, wanyama wanahamia kwingine, na nikikaa na data siwezi kuapa ni kipi kimefanya nini. Nundu bado naichora, lakini siku hizi naichora kwa nukta nukta.

Na hiyo picha yako ya nyika nyeusi: iliungua mwezi gani? Mwanzo wa kiangazi nyasi zina unyevu, moto unapita kwa viraka na kuacha vichaka vya kujificha, mwisho wa kiangazi unaramba mpaka magogo. Nitumie tarehe kwanza, ndio tubishane.