"Weka Tu Miti": Wanayokosea Wanaoagiza Michoro ya Vitabu vya Watoto

Kila mswada wa kitabu cha mazingira unaonifikia siku hizi huja na agizo lile lile: kaa achorwe vizuri, nyuma yake "weka tu miti." Ukiuliza miti gani, unajibiwa kwamba msomaji ana miaka sita, hatajua.

Mtoto wa Rufiji au Lamu atajua kabla ya mhariri. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda matao, na mbegu zake huota zikiwa bado zinaning'inia mtini, ndefu na za kijani. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hauna matao. Mizizi yake huchomoza wima kutoka topeni, myembamba mfano wa penseli, kwa sababu tope halina hewa na mti lazima upumue. Kaa hujificha humo, samaki wachanga hukulia humo. Sasa ukinichoresha shina la kahawia na kichwa cha kijani, kaa wangu ajifiche wapi? Mswada unasema mikoko ikikatwa samaki hupungua, lakini mtoto ataona mti umeanguka tu. Hataona ni makazi ya nani yaliyobomolewa. Ndiyo maana naanza na mizizi, mnyama namchora mwisho. Wateja huchukia kuletewa rasimu isiyo na mhusika mkuu. Watazoea.

Na huyo kaa: miguu minane na magando mawili, jamani, si miguu sita. Wale wadogo wa matopeni wenye gando moja kubwa ni madume. Ukimwita "Mama Kaa," gando hilo simpi.

Kuna na kauli nyingine za wateja. "Mtaalamu wa viumbe ataangalia mwishoni." Mwishoni rangi zimeshakauka, na kurekebisha ni kuchora upya. Mpeni michoro ya penseli.

"Rangi za kwenye skrini ndizo zitakazochapwa." Hapana. Skrini inatoa mwanga, karatasi inanywa wino. Kijani kile kinachong'aa kitatoka kimefifia, kwa hiyo dai nakala ya majaribio kabla mashine haijaanza kazi.

"Duma na chui ni madoa tu." Duma ana mstari mweusi kutoka kila jicho hadi mdomoni, na madoa yake yamejaa weusi. Ya chui ni vijiduara vilivyokatika, katikati pana rangi ya manyoya.

"Mbona hujaweka chui milia?" Kwa sababu hadithi iko kwenye msitu wa Kongo, naye ni mnyama wa Asia. Ukimtaka sana, ihamishe hadithi.