Steringi Hufa: Tunavyozielewa Vibaya Filamu za Kale za Hollywood

Mwaka 1953 kampuni ya MGM ilitoa filamu ya Mogambo, iliyoongozwa na John Ford na kuwakutanisha Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na sehemu yake kubwa ilipigwa Kenya, Tanganyika na Uganda. Hadi leo yapo maelezo yanayorudiwa kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufungua kamusi ili kujua kwamba neno hilo halipo. Linalolikaribia kwa matamshi ni mgambo, lile la mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, nalo halina uhusiano wowote na mahaba. Inasimuliwa kwamba mtayarishaji wake, Sam Zimbalist, alilipata kwa kubadilisha herufi moja katika jina la Mocambo, klabu ya usiku iliyovuma sana huko Hollywood.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unatugusa moja kwa moja, lakini filamu za kale zimezungukwa na uvumi mwingi wa namna hiyo. Mimi ni mpenzi wa filamu hizi, na kinachoniuma zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba uvumi huo huficha kazi ya watu: mafundi, waigizaji wadogo, wakimbizi, na wengine ambao hawakupewa kiti katika meza kuu.

Dhana: filamu kuhusu Afrika zilipigwa mahali hadithi inapotokea

Tarzan wa mwaka 1932, aliyeigizwa na bingwa wa kuogelea Johnny Weissmuller, hakukanyaga Afrika. Msitu wake ulikuwa California, na ndovu wake walikuwa wa Asia, wakavishwa masikio ya bandia ili wafanane na ndovu wetu. Mandhari halisi ya Afrika yanayoonekana humo ni mabaki ya filamu iliyotangulia, Trader Horn ya mwaka 1931, ambayo kikosi chake kilikuja kweli Afrika Mashariki na Kongo. Miongoni mwa waigizaji wakuu wa Trader Horn alikuwamo Mutia Omoolu, Mwafrika aliyepelekwa hadi California kukamilisha maonyesho yaliyobaki. Mwandishi Cyril Hume aliyefanya kazi katika filamu zote mbili akauita ukingo mrefu wa milima wa kubuni katika hadithi ya Tarzan kwa jina la Mwafrika huyo, Mutia. Mamilioni ya watu wamelisikia jina hilo bila kujua kwamba ni la mtu.

Mfano mzito zaidi ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, akiwamo Humphrey Bogart pamoja na Katharine Hepburn. Hadithi yake imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mashua chakavu inashuka mtoni hadi ziwani kuishambulia meli ya kivita ya Kijerumani iitwayo Louisa. Wengi huamini kwamba ilirekodiwa Tanganyika. Ilirekodiwa katika mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, ikiwamo Butiaba kando ya Ziwa Albert, na maonyesho ambayo waigizaji wanaingia majini yalipigwa Uingereza ndani ya matangi ya studio, kwa kuwa mito yenyewe ilikuwa na kichocho na mamba.

Dhana ya pili kuhusu filamu hiyohiyo ni kwamba meli ya Kijerumani ilizamishwa kweli kwa mashambulizi ya kishujaa. Meli iliyoichochea hadithi hiyo ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli ya kati na kuunganishwa upya Kigoma, ambako iliingia majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, na kabla ya kufanya hivyo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene, kwa matumaini kwamba siku moja ingeinuliwa. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya la Liemba. Kwa hiyo mtu wa Kigoma aliyepanda MV Liemba na gunia lake la dagaa alikuwa ndani ya meli ambayo katika filamu inalipuliwa na Bogart. Kwa maoni yangu, kisa cha wale mafundi na grisi yao kinapita hata kile cha kwenye filamu.

Dhana: filamu bubu zilikuwa kimya, na watu walitembea kwa kurukaruka

Ukumbi wa filamu bubu haukuwa kimya. Kumbi ndogo zilikuwa na mpiga piano, kubwa zikawa na kinanda cha mabomba au okestra kamili. Ule mwendo wa kurukaruka nao haukuwapo siku filamu zilipoonyeshwa mara ya kwanza. Kamera ziliendeshwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono, na kasi ilitofautiana, mara nyingi ikiwa chini ya picha 24 kwa sekunde. Sauti ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye 24, kwa sababu sauti haivumilii kuyumba. Mkanda wa zamani ukiingizwa katika mashine ya kasi hiyo, watu wote ndani yake huonekana kama wanakimbia mvua. Ukibahatika kuona nakala iliyorekebishwa kasi, utashangazwa na utulivu wa nyuso zao.

Kuhusu ujio wa sauti, husemwa kwamba The Jazz Singer ya mwaka 1927 ndiyo filamu ya kwanza kuzungumza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake ni bubu yenye maandishi, isipokuwa nyimbo na vipande vichache vya mazungumzo. Mwaka mmoja kabla yake Warner Bros. walikuwa wameshatoa Don Juan ikiwa na muziki ulioambatanishwa na picha, na filamu ndefu ya kwanza yenye mazungumzo mwanzo hadi mwisho ni Lights of New York ya mwaka 1928. Uvumi wa kusikitisha zaidi wa kipindi hicho unamhusu John Gilbert, nyota ambaye eti aliangushwa na sauti nyembamba ya kuchekesha. Sauti yake bado ipo: katika Queen Christina ya mwaka 1933 anazungumza mbele ya Greta Garbo, na ni sauti ya kawaida ya mwanamume. Alifariki mwaka 1936, na kejeli ile ikamfuata kaburini.

Dhana: hazikuwa na rangi kwa sababu rangi haikuwapo

Rangi ilikuwapo tangu siku za mwanzo. Filamu bubu nyingi zilichovywa katika rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mwanga wa taa ya ndani, nyekundu kwa moto. The Toll of the Sea ya mwaka 1922, aliyoigiza Anna May Wong akiwa bado kijana mdogo, ilipigwa kwa mfumo wa Technicolor wa rangi mbili. Miaka kumi baadaye ukaja mfumo wa rangi tatu, uliotumia kamera kubwa na nzito ambayo ndani yake mwanga uligawanywa na kioo cha pembetatu na kuangukia mikanda mitatu inayokwenda kwa pamoja. Mfumo huo ulikula mwanga mwingi mno, na taa zilizohitajika ziliwachoma waigizaji kwa joto. Kamera ya namna hiyo ndiyo iliyobebwa hadi Ruiki kupiga The African Queen.

Nyeusi na nyeupe, kwa upande wake, ilikuwa sanaa yenye mabingwa wake, na Tuzo za Oscar zilikuwa na kipengele chake cha pekee hadi katikati ya miaka ya 1960. Alfred Hitchcock alishatengeneza filamu kadhaa za rangi kabla ya kuirudia nyeusi na nyeupe katika Psycho ya mwaka 1960. Hakukosa rangi, aliiacha.

Dhana: steringi hafi

Msemo huu tumekua nao. Kila aliyeketi kwenye banda la video anajua kwamba steringi hupigwa risasi, huanguka, kisha huinuka. Hollywood ya kale haikufuata sheria hiyo. James Cagney anakufa katika The Public Enemy ya mwaka 1931, anapelekwa kuuawa kwenye kiti cha umeme katika Angels with Dirty Faces ya mwaka 1938, na anateketea juu ya tangi la gesi katika White Heat ya mwaka 1949. Bogart naye anapigwa risasi mlimani katika High Sierra ya mwaka 1941.

Sababu mojawapo ni kanuni za maadili ambazo kampuni za filamu zilijiwekea mwaka 1930, na zikaanza kusimamiwa kwa mkono wa chuma mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Mhalifu hakuruhusiwa kufaidi uhalifu wake, hivyo steringi akiwa jambazi ilimpasa afe au afungwe. Hapa linaanguka pia dai kwamba filamu zote za kale zilikuwa safi na za heshima. Zile zilizotolewa kabla ya usimamizi wa 1934, kama Baby Face ya mwaka 1933 ambamo Barbara Stanwyck anapanda vyeo kwa kuwatumia wanaume mmoja baada ya mwingine, zina ujasiri ambao haukurudi hadi kanuni hizo zilipoachwa mwaka 1968.

Dhana: nyota walikuwa sura nzuri tu

Casablanca ya mwaka 1942 inanukuliwa duniani kote kwa sentensi ambayo haimo: “Upige tena, Sam.” Ilsa, mhusika mkuu wa kike, anamwomba Sam, mpiga piano wa klabu ya Rick, steringi wa filamu, aupige ule wimbo, wala hasemi aupige tena. Haikupigwa Moroko, ilipigwa karibu yote studio huko Burbank, na ile ndege ya mwisho inayoonekana kwenye ukungu ni ya kuigiza, ndogo kuliko halisi, iliyozungukwa na watu wafupi ili ionekane kubwa. Dooley Wilson aliyeigiza Sam alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, piano hakuijua.

Lakini la kukaa nalo ni onyesho la wimbo wa taifa wa Ufaransa. Maofisa wa Kijerumani wanaimba ndani ya klabu ya Rick, kiongozi wa mapambano anaiamuru bendi ipige La Marseillaise, na ukumbi mzima unasimama. Kamera inamfikia msichana mmoja mwenye machozi machoni. Huyo ni Madeleine Lebeau, ambaye yeye na mumewe Marcel Dalio, anayeonekana katika filamu hiyohiyo akichezesha kamari, walikimbia Paris Wajerumani walipokuwa wakiingia mwaka 1940. Conrad Veidt, anayeigiza ofisa katili wa Kinazi, aliiacha Ujerumani akiwa na mke Myahudi. Mwongozaji Michael Curtiz alikuwa Myahudi kutoka Hungaria. Baada ya kujua hayo siwezi tena kulitazama onyesho lile kama maigizo matupu.

Mwigizaji Hedy Lamarr ametendewa dhuluma mbili zinazopingana. Kwanza alitangazwa kuwa mwanamke mzuri kuliko wote na akaishia hapo. Siku hizi amegeuzwa kuwa mvumbuzi wa Wi-Fi, na hilo nalo limetiwa chumvi. Alichofanya kinatosha bila nyongeza: yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mnamo Agosti 1942 ya njia ya kuongoza torpido kwa redio inayorukaruka kutoka masafa moja hadi mengine ili adui asiivuruge, wakitumia utepe uliotobolewa kama wa piano ya kujipiga, wenye masafa 88, idadi ileile ya vibonyezo vya piano. Jeshi la majini halikuutumia wakati ule, lakini wazo la kurukaruka kwa masafa limo leo katika Bluetooth.

Naye Hattie McDaniel alishinda Oscar tarehe 29 Februari 1940 kwa Gone with the Wind, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Picha za usiku ule humwonyesha akitabasamu, na wengi hudhani alikaa na wenzake. Alikaa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na meza ya wenzake, katika hoteli ambayo haikupokea watu weusi, na miezi miwili kabla hakuruhusiwa kuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe mjini Atlanta.

Dhana: kila filamu ya kale ipo, ni kuitafuta tu mtandaoni

Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu 10,919 za Marekani, ni 1,575 tu zilizobaki katika hali yake ya awali, yaani asilimia 14. Theda Bara, aliyekuwa nyota mkubwa wa miaka ya 1910, aliigiza filamu takriban 40, na karibu zote zimepotea. Cleopatra yake ya mwaka 1917 imebaki vipande. Watu hulaumu moto, na ni kweli kwamba mikanda ya naitreti, kemikali iliyotumika kutengenezea mikanda ya zamani, huwaka upesi, kama ilivyotokea ghala la Fox huko New Jersey mwaka 1937. Hata hivyo nyingine zilitupwa na wenyewe, au zikayeyushwa kwa ajili ya madini ya fedha yaliyomo ndani ya mkanda, kwa sababu baada ya sauti kuja hakuna aliyeona thamani ya filamu bubu.

Baadhi ziliokolewa na umbali. Mji wa Dawson City, kaskazini mwa Kanada, ulikuwa mwisho wa njia ya usambazaji, na kuzirudisha filamu kulikuwa ghali kuliko kuziacha. Mwaka 1929 mikanda iliyorundikana humo ilitumiwa kujazia bwawa la kuogelea lililokuwa likifukiwa. Mwaka 1978 mafundi wa ujenzi walipochimba mahali pale, waliikuta mikanda zaidi ya 500 ndani ya udongo ulioganda, mingi ikiwa ya filamu ambazo nakala zake hazikuwa zimebaki popote pengine.