Mnazi wa jirani ukiangukia paa lako
Unguja na Pemba utasikia: mnazi ukiangukia paa la jirani ni kudra ya Mungu, hakuna wa kudaiwa. Si hivyo kila mara. Mti mzima uking'olewa na dhoruba, sawa, kumbana mwenyewe ni kazi. Lakini mnazi ulioliwa na chonga (mdudu anayetoboa minazi), umeinamia banda lako, nawe ulishamwambia mwenyewe mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu? Hapo suala ni uzembe, na uzembe hudaiwa fidia.

Ila ujue unamdai nani. Kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Mikarafuu na minazi hurithiwa na kuuzwa bila ya ardhi iliyo chini yake. Anayeishi hapo huenda hana hata dafu lake.