Klabu ya Taifa ya Anga na Kazi Yake Katika Michezo ya Angani

Watu wengi wakisikia habari za klabu ya anga hufikiria mahali pa wenye fedha na ndege zao, wanaokutana mwishoni mwa juma kando ya uwanja wa ndege. Klabu za namna hiyo zipo, na hazina ubaya wowote. Klabu ya taifa ya anga, hata hivyo, ni chombo cha aina nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyokabidhiwa mamlaka juu ya michezo ya angani ndani ya nchi, kuanzia maputo ya hewa moto, glaida (ndege zinazoelea bila kutegemea injini), parachuti na paraglaida (miavuli ya kuruka na kuelea angani) hadi sarakasi za ndege, helikopta, ndege za mfano na droni. Mamlaka hayo hutoka kwa Shirikisho la Michezo ya Anga Duniani, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905 na ambalo makao yake makuu yako Lausanne, Uswisi. Kwa kawaida FAI hukabidhi madaraka hayo kwa klabu moja tu katika kila nchi, na mwanamichezo anayetaka kushindania ubingwa wa dunia au kudai rekodi hupitia mlango huo.

Msingi wa kazi yenyewe ni ushahidi. Rubani wa glaida anaweza kuondoka asubuhi, akazunguka mamia ya kilomita bila injini akitegemea hewa inayopanda, na akarudi jioni pasipo mtu yeyote kumwona njiani. Klabu ndiyo inayoteua na kuwafunza waangalizi rasmi, ambao bila wao safari hiyo ingebaki kuwa masimulizi. Tarehe 12 Novemba 1906, rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont alirusha ndege yake umbali wa mita 220 jijini Paris mbele ya maofisa wa klabu ya anga ya Ufaransa, na safari hiyo ikaingia katika vitabu vya FAI kama rekodi ya kwanza ya ndege. Ndugu wawili wa ukoo wa Wright walikuwa wamekwisha kuruka Marekani tangu Desemba 1903, na kufikia mwaka 1905 walikuwa wakienda mbali zaidi ya hapo, ila hawakuwa na mwangalizi wa klabu.

Siku hizi mwangalizi hategemei macho peke yake. Kabla glaida haijapaa, yeye huhakikisha rubani ni nani na ndege ni ipi, hukagua kinasa safari kilichofungwa ndani, na huandika saa ya kuondoka. Kifaa hicho hurekodi mahali ilipo ndege na kimo chake kila baada ya sekunde chache, na kama glaida ina injini ya msaada, hurekodi pia dalili za injini hiyo kuwashwa. Baada ya kutua, mwangalizi husimamia mwenyewe utoaji wa taarifa kutoka kwenye kifaa, na faili linalotoka hubeba alama ya siri inayofichua iwapo limeguswa baadaye. Kisha huanza kazi ya mezani: taarifa ya awali ya madai ya rekodi ya dunia inatakiwa kuifikia FAI ndani ya siku 7, na jalada kamili, likiwa limethibitishwa na klabu ya taifa, ndani ya siku 120. Safari iliyo safi kabisa huweza kukataliwa kwa sababu ya fomu iliyochelewa, na hapo ndipo tofauti kati ya klabu iliyojipanga na klabu ya jina tu inapoonekana wazi.

Hata safari ya Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, ya tarehe 12 Aprili 1961 ilipita katika njia hii ya majalada. Kanuni za wakati ule zilimtaka rubani atue akiwa ndani ya chombo chake, ilhali Gagarin alitoka na kushuka kwa parachuti yake mwenyewe, jambo ambalo Umoja wa Kisovieti ulilificha kwa miaka kadhaa. Kanuni zenyewe zilitazamwa upya baadaye, na rekodi yake ikaachwa ilivyo. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Si kila rubani anayewinda rekodi, na kwa walio wengi kinachowafanya waendelee na mchezo ni ngazi ya beji. Katika glaida, beji ya fedha humtaka rubani asafiri kilomita 50, apande mita 1,000 kutoka kimo cha chini alichokuwapo, na akae angani kwa saa 5. Ni masharti ambayo mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuyafikia, na klabu inayoyasimamia vizuri hupata marubani wanaojifunza kuondoka mbali na uwanja wao kwa mpango, badala ya kwenda kwa kubahatisha.

Inafaa kutofautisha leseni mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Zamani klabu ndizo zilizotoa vyeti vya urubani: rubani Mfaransa Louis Blériot alipewa cheti namba 1 cha klabu ya Ufaransa mwaka 1909, na Bessie Coleman, Mmarekani mweusi aliyekataliwa na shule za urubani za nchini mwake, alipata cheti cha FAI nchini Ufaransa mwaka 1921. Leo leseni ya kuendesha ndege ni kazi ya serikali, wakati klabu hutoa leseni ya michezo, ambayo haimruhusu mtu kurusha chochote, ila humruhusu kushindana na huonyesha kwamba amekubali kufuata kanuni za mchezo, zikiwamo zile za kupambana na dawa za kusisimua misuli.

Eneo ambalo klabu husaidia zaidi, na ambalo husifiwa kidogo kuliko yote, ni mazungumzo na mamlaka ya usafiri wa anga. Paraglaida huhitaji mahali penye hewa inayopanda, na mara nyingine mahali hapo huwa chini ya njia za ndege za abiria. Mamlaka haiwezi kusikiliza kila kikundi cha marafiki kinachotaka kuruka Jumamosi, lakini inaweza kukaa meza moja na chombo kinachotambulika, kikakubaliana nayo mipaka ya kimo, saa za matumizi, na matangazo ya kuwatahadharisha marubani wengine. Chombo hicho hicho hukusanya taarifa za ajali na za mikasa iliyoponea chupuchupu, na kuzisambaza kwa wanachama bila kumtaja mhusika, ili watu wasiogope kusema kilichotokea.

Katika kuvuta vijana, ndege za mfano hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Mtoto anayeunda glaida ya kuvutwa kwa uzi wa mita 50 hugundua haraka kwamba uzito ukizidi nyuma, pua itainuka na ndege itaanguka. Akiongeza kipande cha madini ya risasi puani, ndege hutulia. Klabu nyingine huanzia kwenye uchoraji, kwa kuwa FAI huendesha shindano la sanaa la watoto wa miaka 6 hadi 17, ambalo washindi wake hupatikana kwanza kitaifa. Mashindano makubwa, kama Michezo ya Anga ya Dunia iliyofanyika kwa mara ya kwanza Uturuki mwaka 1997, huwapa wananchi nafasi ya kuona kwa macho, ingawa klabu inayotegemea tamasha pekee husahaulika umati ukishatawanyika.

Katika nchi nyingi klabu ya taifa hukasimu madaraka yake kwa vyama vya mchezo mmoja mmoja, kwa hiyo anayetaka kuanza aulize kwanza ni chama gani kinachosimamia mchezo wake, bima yake inafika wapi, na ni nani anayetoa leseni ya michezo. Aulize pia kama klabu iko hai katika uanachama wake wa FAI, kwa kuwa klabu iliyosimamishwa hupoteza haki zake, na wanamichezo wake huweza kujikuta hawana njia ya kushiriki mashindano ya dunia hata kama wamefanya mazoezi mwaka mzima.