Puti gani upake kwenye boti ya faiba?

Wenye boti huku pwani wakiona shimo kwenye faiba, wazo la kwanza ni kukimbilia duka la rangi za magari kuchukua kopo la bodi fila, ile puti ya kuziba mabonde ya magari. Siwalaumu, bei nafuu, inakauka chap na msasa inaukubali. Kwa mikwaruzo ya juu ya mstari wa maji paka tu, funika na praima na rangi, hamna shida.

Shida iko kule chini. Ile fila ni resini (gundi ya plastiki inayoganda) ya poliesta iliyojazwa unga wa talki na inanyonya maji, sasa boti ikikaa nangani miezi na miezi maji yanapenya taratibu kupitia rangi, fila inavimba, inalainika, mwisho inang'oka na rangi yako juu yake. Boti inayovutwa ufukweni kila jioni inavumilia zaidi ila mimi bado sipaki.

Chini natumia epoksi, resini ya aina nyingine, nachanganya na unga mwenyewe, na hapa ndo watu wanapotea maana unga hauko wa aina moja. Kuna silika, ile nyepesi inayopeperuka ukifungua tu mfuko, kazi yake kuzuia resini isichuruzike ubavuni. Ukiweka hiyo peke yake utajuta wakati wa msasa, unapiga mpaka mkono unakufa ganzi, faiba ya pembeni inaisha na puti iko palepale, unabaki na kilima. Halafu kuna vipovu vidogo sana vyenye hewa ndani, vyeupe vya kioo au vya kahawia vya fenoli, hivyo ndo vya kusawazisha. Mimi naweka vipovu vingi, silika kidogo tu, nakoroga mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga.

Ila vipovu havina nguvu! Kuna mafundi wanajaza hiyo puti kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, uliopasuka, boti ikigusa mwamba tu kipande kizima chini. Tundu lililotoboka halitibiwi na puti, unasaga kingo kwa mlalo mrefu, faiba ya milimita 5 mlalo uwe kama milimita 60 kila upande, unajenga kwa mati (mkeka wa nyuzi za faiba) na resini tabaka kwa tabaka, puti inakuja mwisho kabisa. Kona zinazobeba mzigo, mfano pale taruma, ubavu wa ndani wa boti, linapokutana na bodi, changanya epoksi na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa.

Na joto letu hili, epoksi ukiiacha kwenye kopo inachemka, inatoa moshi na kuganda kabla hujafika kwenye boti, imwage kwenye ubao bapa uitandaze. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, usiiongeze eti ikauke haraka, kucheza na kipimo chake kati ya asilimia 1 na 2 ni mambo ya poliesta, epoksi ukizidisha inabaki laini moja kwa moja. Ikikauka osha kwanza kwa maji na sponji ya kukwaruza, maana nyingi zinaacha utando wa mafuta juu, ndo upige msasa namba 80 kwenye ubao mrefu, kwa mshazari, na maski usoni tafadhali.

Kabla hata hujafungua kopo jua juu inakuja nini. Rangi ya epoksi inakaa freshi juu ya puti ya epoksi. Ukitaka kurudishia jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, ambayo ni poliesta, tumia fila ya vinailesta (resini nyingine tena) toka mwanzo, maji inayavumilia kuliko bodi fila na jelikoti inaishika vizuri, juu ya epoksi mara nyingi inagoma kukauka au inabanduka.