Mmea wa ndani uliozidishiwa maji: rudisha hewa kwenye mizizi kwanza

Mmea unaonyauka huku udongo wake umelowa huwachanganya watu wengi. Macho yanaona kiu, mkono unakwenda kwenye kopo la maji, na hapo ndipo mmea unapomalizwa. Kazi yangu ni mimea inayokuzwa ndani chini ya taa, hasa nyanya, pilipili na rehani, na wengi wa wanaoniletea mmea mgonjwa wamekwisha kuumwagilia tena asubuhi ileile. Naomba tuelewane juu ya jambo moja kabla hujagusa chochote: mmea huo unakosa hewa. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuja zenyewe.

Mizizi inapumua. Inachoma sukari inayoshushwa na majani ili ipate nguvu ya kuvuta maji na madini, na kwa kazi hiyo inahitaji oksijeni, ambayo hupita katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, njia imezibwa, kwa sababu oksijeni husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Kiasi kidogo kinachobaki kinagombewa na mizizi pamoja na vijidudu vya udongoni, na chumba kikiwa na joto hakichukui muda kuisha. Mzizi uliokosa oksijeni hugeukia uchachushaji, njia inayotoa nguvu kidogo mno kutoka kwenye sukari ileile. Asidi huongezeka ndani ya seli zake, na milango midogo inayopitisha maji kwenye utando wa seli hujifunga. Ndiyo maana mmea uliosimama ndani ya maji unanyauka: maji yapo, lakini hayaingii.

Kuna dalili nyingine ambayo hunisaidia sana, na huonekana wazi zaidi kwenye nyanya. Mizizi iliyosongwa hupeleka juu kemikali ambayo ikifika kwenye majani hugeuka kuwa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hufanya upande wa juu wa kikonyo cha jani ukue haraka kuliko upande wa chini. Jani linainama kuelekea ardhini, lakini ukilishika unalikuta limejaa, bado gumu. Jani la mmea wenye kiu ya kweli ni laini, jembamba, linaning'inia kama kitambaa. Usiishie hapo, kwa sababu mizizi ikishaoza kabisa majani nayo hulegea na tofauti hiyo hupotea. Inua chungu. Kikiwa kizito na mmea umenyauka, jibu umelipata. Kisha nusa matundu ya chini: udongo wenye afya hunukia kama ardhi baada ya mvua, na uliokosa hewa hutoa harufu ya uozo.

Niseme pia kwamba kuzidisha maji si kumwaga maji mengi kwa mara moja. Chungu chenye matundu mazuri unaweza kukimwagilia mpaka maji yatiririke chini na mmea ukafurahi. Tatizo ni kurudia kabla hewa haijaingia tena, kidogo leo, kidogo kesho, kwa huruma.

Sasa tiba. Ondoa sahani iliyo chini na maji yote yaliyotuama ndani yake, na kama chungu kimevikwa chungu kingine cha urembo, kitoe. Kiegemeze upande kwa pembe kubwa kwa dakika kadhaa, utaona maji yakichuruzika tena hata kama yalikuwa yamekoma. Sababu ni kwamba sehemu ya chini ya kila chungu hubaki na tabaka la udongo uliojaa maji ambalo uzito wake peke yake hautoshi kulitoa, na ukikilaza, tabaka hilo hupata kimo kipya cha kushukia. Changarawe chini ya chungu hazisaidii hapa, ingawa ushauri huo umeenea kila mahali. Zinalisogeza tu tabaka hilo juu, karibu zaidi na mizizi.

Punguza mwanga. Pandisha taa juu zaidi au ipunguze nguvu, maana taa kali huyalazimisha majani kupoteza maji ambayo mizizi haiwezi kuyafidia. Usiizime kabisa, kwa kuwa mmea bado unahitaji sukari ya kujengea mizizi mipya. Feni iwashwe ipitishe hewa chumbani, isiyapige majani moja kwa moja. Na mbolea, hapana. Najua majani ya chini yamekuwa manjano na yanafanana kabisa na ya mmea wenye njaa ya naitrojeni. Njaa hiyo ni ya kweli, ila imetokana na mizizi kushindwa kula, na chumvi za mbolea zitaichoma zaidi ile michache iliyobaki.

Ikiwa baada ya siku chache udongo umepungua uzito na majani yameanza kuinuka, acha mmea ulivyo. Ikiwa unazidi kudhoofika, lazima uutoe uitazame mizizi, na hapa nakuomba usiharakishe.

Pindua chungu, ushikilie shina katikati ya vidole, uligonge tako lake mpaka donge litoke. Liweke juu ya magazeti makavu. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu, na ukiupinda kwa kucha unakatika kwa ukinzani. Mzizi uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta taratibu ganda lake la nje huvuka lote kama soksi, ukabaki umeshika uzi mwembamba wa kati. Mara nyingi aliyefanya hivyo ni Pythium, kimelea kinachofanana na kuvu lakini si kuvu halisi. Mbegu zake zina mikia na huogelea, kwa hiyo kadiri udongo unavyolowa ndivyo zinavyofika mbali.

Kata yote iliyooza mpaka ufike penye weupe, kwa mkasi uliofutwa na spiriti ya asilimia 70, na uufute tena unapohamia mmea mwingine. Kama mizizi iliyobaki ni michache, punguza na majani kiasi. Kisha chagua chungu kinacholingana na mizizi uliyonayo sasa, hata kama ni kidogo kuliko cha mwanzo. Chungu kikubwa chenye mizizi michache hukaa na unyevu kwa siku nyingi bila wa kuutumia. Tumia udongo mpya uliochanganywa na palaiti au pamisi, yaani chembe nyepesi za mawe zinazoacha nafasi za hewa, mimi hupenda iwe karibu theluthi moja ya mchanganyiko. Mwagilia mara moja, kidogo, ili udongo ushikane na mizizi, halafu uache.

Ukiona inzi wadogo weusi wakiruka juu ya udongo, vibuu vyao vinaishi katika sentimita chache za juu na hula mizizi michanga. Tabaka hilo likikauka wanapungua.

Kinachofuata ni subira, na ndicho watu wanachoshindwa. Majani yaliyogeuka manjano hayatarudi kuwa kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Tazama kichipukizi cha juu kabisa: jani jipya likitoka na rangi yake sawa, kuna ncha mpya za mizizi chini. Maji utayatoa kwa kupima uzito wa chungu, si kwa kalenda, kwa sababu mmea uliopoteza nusu ya mizizi hunywa kidogo sana kuliko ulivyokuwa ukinywa mwezi uliopita. Mbolea irudi jani la pili au la tatu likishatoka, na ianze nusu ya kipimo.

Kuna mimea ambayo utaikuta mizizi yake yote ni ya kahawia na shina limelainika usawa wa udongo. Huo usipoteze muda nao. Kata tawi la juu ambalo bado ni gumu na kijani, likiwa juu kabisa ya sehemu iliyolainika. Rehani na nyanya hutoa mizizi upesi hata ndani ya glasi ya maji, kwa kuwa mizizi inayoota majini hujengeka tangu mwanzo kuhimili mazingira hayo. Badilisha maji ya glasi kila baada ya siku moja au mbili, na mizizi ikifikia urefu wa sentimita 3 hivi ihamishie kwenye udongo mwepesi, maana ikikaa majini zaidi ya hapo itapata tabu kuzoea udongo.