“Nesi, nisaidieni nife”: maswali na majibu kuhusu kauli ambayo wahudumu wa afya tunaikwepa

Mimi ni muuguzi wa huduma shufaa hapa Mwanza. Huduma shufaa ni ile ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa usiopona, yeye pamoja na watu wa nyumbani kwake. Maswali haya, kuhusu wenye magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu yasiyopona wanaoomba wasaidiwe kufa, nimeulizwa na ndugu wa wagonjwa, na wanafunzi wa uuguzi, na mara nyingine na daktari aliyehakikisha kwanza kwamba mlango umefungwa.

Ni magonjwa gani hasa?

Ni magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu yanayozidi siku hadi siku na hayarudi nyuma. Upo Parkinson, ambao wengi tunautambua kwa mikono inayotetemeka na hatua fupi fupi. Upo Huntington, unaorithiwa. Yapo magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, Alzheimer ukiwa ndio unaojulikana zaidi. Na upo ule ambao kifupi chake ni ALS: neva zinazoiamrisha misuli hufa, misuli inakonda, mtu anashindwa kushika, kutembea, kumeza, na mwishowe kupumua. Wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze, ingawa wapo wanaovuka hapo. Kwa wengi akili hubaki nzima, na hapo ndipo uchungu ulipo, kwa sababu mgonjwa anashuhudia kila kitu.

Nilimhudumia mzee mmoja, mvuvi wa upande wa Igombe. Kwake ulianzia vidoleni, akawa hawezi kufunga fundo la wavu. Nyumbani walisema karogwa na mwenzake wa mtumbwini, miezi ikaishia kwa waganga. Alipofika hospitali mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kuburuta. Nitamrudia.

“Kusaidiwa kufa” maana yake nini? Ni sawa na kuondoa mashine?

Hapana, na mkanganyiko huu unawaumiza watu. Kusaidiwa kufa ni daktari kumwandikia mgonjwa, kwa ombi lake, dawa ambayo lengo lake ni kuumaliza uhai, mgonjwa akainywa mwenyewe. Au daktari kumchoma dawa hiyo kwa mkono wake.

Mgonjwa anayekataa mashine ya kupumulia au mpira wa kulishia, kwa sababu anaona unamwongezea mateso kuliko unavyomfaa, huyo ameukataa mzigo wa matibabu. Akifa, ameuawa na ugonjwa. Hata mafundisho ya Kanisa Katoliki, ambayo wengi wa wagonjwa wangu wanayafuata, hayamlazimishi mtu kubeba matibabu yanayomwelemea kupita faida yake. Na morfini inayotolewa kwa kipimo sahihi kwa maumivu au kwa kubanwa pumzi si dawa ya kuulia. Nimekuta familia zimeificha chupa kabatini kwa hofu hiyo, mgonjwa analia upande wa pili wa ukuta.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Hairuhusu. Katika Kanuni ya Adhabu, kumshauri au kumsaidia mtu ajiue ni kosa kubwa la jinai, na kwamba mtu mwenyewe ameomba hakumwondolei kosa aliyemsaidia, awe daktari, awe jirani.

Kwingine je?

Jimbo la Oregon, Marekani, linaitumia sheria yake ya kuruhusu tangu 1997. Uholanzi na Ubelgiji zilianza 2002, Kanada 2016, Hispania na New Zealand 2021. Kule Kanada kesi iliyobadili sheria, iliyoamuliwa 2015, ilikuwa na mgonjwa wa ALS miongoni mwa walalamikaji, mama aliyeitwa Gloria Taylor. Afrika Kusini mahakama moja ilimkubalia mgonjwa wa saratani mwaka 2015, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo.

Madaktari na wauguzi wenyewe wana msimamo gani?

Wamegawanyika. Chama cha Madaktari Duniani kilitamka tena mwaka 2019 kwamba kinapinga. Chuo cha Madaktari wa Neva cha Marekani, ambacho wanachama wake ndio wanaokaa na wagonjwa hawa, kilikuwa kinapinga tangu 1998. Mwaka 2018 kikauondoa msimamo huo na kumwachia kila mwanachama dhamiri yake, pale sheria inaporuhusu.

Kinachonifikirisha zaidi ni kura ya maoni ya Chama cha Madaktari cha Uingereza ya mwaka 2020, iliyojibiwa na karibu madaktari 29,000. Nusu yao walisema binafsi wanakubali sheria ibadilishwe ili daktari aweze kumwandikia mgonjwa dawa hizo. Walipoulizwa kama wao wenyewe wangeshiriki, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 36. Kwa hiyo wapo wanaoona mtu aruhusiwe, ila mkono usiwe wao. Na madaktari wa huduma shufaa, wanaokaa na wanaokufa kila siku, walikuwa miongoni mwa waliopinga zaidi. Wengine husema tunapinga kwa sababu ya dini. Kwangu mimi sababu kubwa ni kwamba nimeona watu wakiliacha ombi lile baada ya pumzi kutulia na usingizi kurudi. Lakini nisiwe mwongo: nimeona pia wachache ambao tuliwapa kila tulichonacho na bado wakaomba.

Kwa nini magonjwa haya yanawasumbua wahudumu kuliko saratani?

Kwanza, hakuna anayejua tarehe. Sheria nyingi zinataka mgonjwa awe karibu kufa. Jimbo la Victoria, Australia, lilipoanza mwaka 2019 liliweka miezi 6 kwa magonjwa mengine na miezi 12 kwa haya ya neva, kwa kutambua kwamba mwendo wake ni tofauti.

Pili ni mikono na koo. Pale ambapo sheria inataka mgonjwa ainywe dawa mwenyewe, mwenye ALS anaweza kujikuta anakimbizana na mwili wake: aiombe mapema kuliko alivyotaka, au asubiri mpaka asiweze kumeza.

Tatu ni akili, na hapa wahudumu wanatetemeka kweli. Bibi mwenye Alzheimer aliyeandika miaka mitano nyuma kwamba akisahau wanawe asiendelee kuishi, leo hawakumbuki wanawe lakini anacheka, anakula samaki wake, anaimba nyimbo za kanisani. Umsikilize yupi, wa jana au wa leo? Uholanzi inalikubali andiko la namna hiyo, na hata huko madaktari wengi husita. Mimi ningemsikiliza anayeimba.

Mgonjwa akiniambia anataka kufa, nimjibu nini?

Nianze na nilichokosea mimi. Yule mzee wa Igombe aliniambia asubuhi moja, ulimi ukiwa umeshaanza kuwa mzito: “Binti, nisaidieni nife.” Nikamjibu haraka, “Mzee, usiseme hivyo, ni dhambi.” Akageukia ukutani. Kwa wiki nzima hakunijibu zaidi ya kutikisa kichwa.

Mwenzangu aliyenizidi umri ndiye aliyevuta kigoda, akakaa usawa wa macho yake, akamuuliza: “Baba, ni kitu gani hasa unachokiogopa?” Ikachukua muda. Alikuwa amewahi kuvuta kutoka majini miili ya wenzake wawili. Alikuwa na hakika kwamba ugonjwa huu utamzamisha hivyo hivyo, akiwa kitandani, nchi kavu, wanawe wakitazama.

Tukamweleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemweleza. Wagonjwa wengi wa ALS wanaotunzwa vizuri hawafi kwa kukabwa. Misuli ya kupumua inachoka, hewa chafu inaongezeka mwilini, mtu anasinzia zaidi na zaidi, na mara nyingi anaondoka usingizini. Tukamwanzishia morfini ya maji kwa kipimo kidogo kwa ajili ya kubanwa kifua, amitriptilini usiku ya kukausha mate yaliyokuwa yakimpalia, na tukamfundisha mkewe kumwinua kwa mito badala ya kumlaza chali. Hakuliomba tena lile ombi kwa miezi miwili.

Kwa hiyo, uliza. Kuuliza hakumtii mtu wazo la kufa; wazo analo tayari. Taarifa za Oregon zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba sababu zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yanayompa mtu raha, na kupoteza heshima. Maumivu hutajwa na wachache kuliko hizo. Huku kwetu nasikia zaidi neno “mzigo”: wameuza ng’ombe kwa sababu yangu, mjukuu ametolewa shule kwa sababu yangu. Chunguza pia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, maana inatibika hata kwa mtu ambaye ugonjwa wake hautibiki.

Nikihofia atajidhuru leo?

Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Nyumbani tufanye nini?

Uji mzito humezwa salama kuliko maji matupu. Alishwe akiwa ameketi. Sauti ikikatika, andikeni herufi kubwa kwenye kipande cha boksi na mfuate macho yake, kwa kuwa kwa wengi macho hubaki yakisogea mpaka karibu na mwisho. Msimwamulie mambo mkiwa mmesimama juu ya kichwa chake. Na mwulizeni daktari waziwazi kuhusu huduma shufaa. Wanaotoka visiwani kama Ukerewe waombe dawa za kutosha kabla ya kupanda meli, maana kubanwa pumzi usiku hakungoji safari ya asubuhi.

Wewe mwenyewe ungemsaidia mtu kufa?

Hapana. Yule mzee naye aliniuliza, kwa herufi za kwenye boksi. Nilimwambia siwezi, ila akianza kubanwa usiku wanipigie saa yoyote. Mkewe alipiga mara tatu. Mbili nilimwelekeza dozi. Ya tatu ilikuwa alfajiri, akaniambia baba amelala, hajashtuka, na kifua kimenyamaza.